Ratili 60

Mzigo wa mpagazi wa Zanzibar ulikuwa ratili 60, wakati mwingine 70. Ni kama kilo 30, ukiacha mkeka wake wa kulalia, sufuria aliyochangia na wenzake, na posho aliyopewa kabla ya kuondoka. Mzigo ulifungwa Pwani, ukapimwa Pwani, na aliyeuinua siku ya kwanza alitarajiwa kuutua siku ya mwisho. Mbele ya wote alitangulia kirangozi na bendera yake. Mnyapara alihimiza walioanza kubaki nyuma. Katikati walikuwa wapagazi, askari, mpishi na mtumishi wa hema, na mahali fulani palipomfaa alitembea mgeni aliyelipa gharama yote, mikono mitupu.

Nimeifanya kazi ya mlima tangu ujana, kwanza kwa mgongo, kisha jikoni, mwisho nikitangulia mbele ya watu. Kila nisomapo habari za misafara ile ya karne ya 19 nawaona watu ninaowajua. Safari ya mlimani tunayowauzia wageni leo, ya siku nne au tano au saba, yenye kiongozi, msaidizi wake, mpishi na wapagazi wawili watatu kwa kila mgeni, haikubuniwa na kampuni ya utalii. Ni msafara wa Zanzibar ulioacha kwenda bara ukaanza kwenda juu. Vyeo ni vile vile, mpangilio ni ule ule, na dhambi yake kubwa haijabadilika: uzito wa mizigo uliandikwa kwa uangalifu mkubwa, majina ya waliobeba yakaachwa yapotee.

Naieleza historia hii kutoka upande wa mzigo kwa kuwa mimi ni mtu wa Sironga, Nyamira, na watu wa kwetu waliingia katika kazi ya kubeba kwa mlango mbaya kuliko yote. Nitafika huko. Kwanza niende Kilimanjaro, maana huko ndiko njia ya kupanda mlima wetu mrefu ilikopatikana.

Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alitoka Rabai kwenda Uchagani akiongozwa na Bwana Kheri, mtu wa misafara wa Mombasa aliyezijua njia hizo kabla yake. Tarehe 11 Mei Rebmann akaiona theluji. Huko Ulaya wataalamu walibishana kwa miaka mingi kama theluji yaweza kukaa karibu na ikweta, na katika ubishi wote huo hakuna aliyefikiria kumuuliza Bwana Kheri.

Wa kwanza kufika kileleni, kwa kumbukumbu zilizoandikwa, ni Hans Meyer, Mjerumani wa Leipzig, pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria, tarehe 6 Oktoba 1889. Vitabu husifu mashoka ya barafu na ushupavu wao. Ushupavu ulikuwepo, sikatai. Lakini Meyer alikuwa amejaribu mwaka 1887 akashindwa, na mwaka 1888 hakuukaribia hata mlima wenyewe, kwa sababu yeye na mwenzake Oscar Baumann walitekwa wakati wa vita vya Abushiri, wakaachiliwa baada ya kulipa fidia. Miaka hiyo alipata muda wa kutafakari ni kitu gani hasa kinachowarudisha watu chini, na jibu alilolipata ndilo tunalolitumia mpaka leo. Mlima ule unawashinda watu kwa njaa. Mpandaji anafika juu akiwa amebakiwa na chakula cha siku moja, hali ya hewa inachafuka, naye hana budi kushuka.

Basi mwaka 1889 Meyer alipanga chakula kabla ya kupanga kilele. Kituo kikuu alikiweka Marangu kwa idhini ya Mangi Mareale. Kambi nyingine aliiweka juu ya msitu, na nyingine juu zaidi, kwenye uwanda ulio kati ya vilele vya Kibo na Mawenzi, zaidi ya mita 4,000 kutoka usawa wa bahari. Kati ya kambi hizo watu walipanda na kushuka kwa zamu wakileta nyama, unga na kuni. Kwa mpango huo Wazungu wawili waliweza kukaa juu zaidi ya wiki mbili, wakajaribu, wakarudi kambini, wakapumzika, wakajaribu tena. Mtu yeyote aliyewahi kupeleka wageni Kibo, au Lenana ya Mlima Kenya, ataitambua safari hiyo mara moja. Ni safari yetu.

Katika kambi ya juu walikaa watu watatu. Wa tatu alikuwa Mwini Amani, mtu wa Pangani. Alilinda hema, akatunza moto, akapika, wenzake wakienda kwenye barafu. Huwa namfikiria sana. Pangani ni mji wa minazi na jasho. Uwanda ule nimeukanyaga, na saa kumi alfajiri maji yaliyoachwa kwenye sufuria yamekuwa jiwe. Mwini Amani alikuwa na kazi ya kuyayeyusha kabla mtu mwingine hajaamka. Jina lake tunalo kwa sababu Meyer aliliandika, na kwa hilo namshukuru Meyer kwa moyo mweupe, kwa kuwa wengi waliokuja baada yake hawakufanya hata hilo.

Watu wa Marangu wenyewe wana jina lingine wanalolitukuza, la Yohani Kinyala Lauwo. Husimuliwa kwamba ndiye kijana aliyewaongoza wageni wale kupita msituni, na kwamba kazi hiyo aliiendeleza miaka mingi sana baadaye. Karne moja ya kupandwa Kibo ilipoadhimishwa mwaka 1989 mzee huyo alikuwa hai na akaheshimiwa mbele ya umma. Alifariki mwaka 1996. Langoni Marangu kuna kumbukumbu yake. Wanahistoria wanabishana kuhusu umri wake na kama kweli ni safari ile au nyingine ya miaka iliyofuata. Mimi ubishi huo sitauingilia. Ninachokiona ni kwamba kijiji kilishika jina la mtu wake kwa nguvu hadi dunia ikalikubali, na kijiji kisichofanya hivyo hakifanyiwi na mwingine.

Maana ukisubiri wengine wakuandikie, hiki ndicho kinachotokea. Mwaka 1909 Mwingereza Gertrude Benham alipanda Kibo, na wapagazi wake walikuta njiani mifupa ya watu wawili wa msafara uliotangulia, waliokufa kwa baridi. Wakakataa kuendelea, naye akaenda peke yake. Miaka kumi na saba baadaye mchungaji wa Kilutheri Richard Reusch alimkuta chui aliyeganda kwenye ukingo wa kreta. Chui yule akapigwa picha, akaingia katika hadithi ya Hemingway ya mwaka 1936, akajulikana dunia nzima. Wale wawili hakuna ajuaye walikuwa wana wa nani.

Mlima Kenya una hesabu yake.

Mwaka 1899 reli ilifika Nairobi, na Halford Mackinder, mwalimu wa jiografia wa Oxford, aliipanda reli hiyo akiwa na nia ya kufika kilele kabla Mjerumani hajafika. Alikuwa na msafara wa watu wapatao 170: Wazungu sita, Waswahili zaidi ya 60, Wakikuyu zaidi ya 90, na Wamaasai wawili wa kuonyesha njia. Miongoni mwa Wazungu walikuwemo viongozi wawili wa milima kutoka Courmayeur, Italia, César Ollier na Joseph Brocherel, waliolipwa kwa kazi yao kama mimi nilivyolipwa kwa yangu.

Ulikuwa mwaka mbaya. Nchi ya Wakikuyu ilikuwa imekaukiwa na mvua, njaa na ndui vilikuwa vinaua watu, na msafara wa watu 170 ukaja kutafuta wa kuwauzia chakula. Wenyeji wangeuza nini? Waswahili wawili waliotumwa kutafuta chakula waliuawa. Wapagazi wakapewa vipimo vidogo kila siku, na ilikaribia Mackinder aache mlima arudi. Watu wake wakatumwa Naivasha kuomba msaada, na ofisa wa kituo kile, Kapteni Gorges, akatoa chakula. Chakula kikabebwa kuvuka Aberdare hadi kambini. Tarehe 13 Septemba Mackinder, Ollier na Brocherel wakasimama juu ya Batian.

Sasa fungua ramani ya mlima. Vilele vikuu vina majina ya malaiboni wa Kimaasai: Batian, Nelion, Lenana. Mackinder mwenyewe ndiye aliyeyachagua, na ni heshima. Kuna Bonde la Mackinder, na Bonde la Hausburg, lenye jina la mwenzake wa safari. Kuna barafu ya Cesar na barafu ya Josef, kwa heshima ya viongozi wale wawili wa Courmayeur. Na upande wa Chogoria, chini ya Ziwa Michaelson, pale wageni husimama dakika kumi bila kusema neno, kuna Bonde la Gorges.

Hili la Gorges ndilo linaloniuma. Ofisa aliyefungua ghala lake Naivasha amepewa bonde zuri kuliko yote mlimani. Waliokiinua chakula kile wakakivusha milima, na wao wenyewe wana njaa, hawakupewa hata kijito. Wala usiniambie kwamba wakati ule mtu wa kuajiriwa hakuhesabiwa, kwa sababu Ollier na Brocherel walikuwa watu wa kuajiriwa, na barafu zao zipo kwenye ramani.

Narudi nyumbani. Sisi Wagusii hatuna mlima wa theluji. Tuna ukingo wa Manga, ule ukuta wa mawe unaoonekana ukiwa mjini Kisii, tuna Kiabonyoru, na tuna vilima vingi vya kahawa, chai na ndizi ambavyo mtu huvipanda na kuvishuka tangu anapoanza kutembea. Wazee husimulia kwamba babu zetu walishuka kutoka Mlima Elgon, wakapita ufukwe wa Ziwa, wakakaa Kano, wakaenda Kabianga ambako baridi iliwaulia watoto na mimea, kisha wakaja huku. Kwa hiyo miguu ya kupanda tunayo.

Lakini tulichukuliwa kubeba. Waingereza waliingia Gusii kwa risasi mwaka 1905, wakarudi kwa risasi mwaka 1908 baada ya Otenyo kumchoma mkuki mkuu wa wilaya, Northcote. Vijana waliokuwa wakilinda ng'ombe kwenye ebisarate waliamriwa kuvunja makambi hayo. Tarehe 12 Septemba 1914 Wajerumani na Waingereza wakapigana katika mji wa Kisii wenyewe, wote wawili wakaondoka kwa muda, wenyeji wakaingia madukani na ofisini wakachukua walichoona kuwa ni chao. Serikali iliporudi iliadhibu, ng'ombe wakachukuliwa. Ndipo likaja hitaji la wabebaji wa jeshi.

Mwaka 1917 kazi ya kukusanya watu ilipewa John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa Jimbo la Nyanza, na machifu wakapewa hesabu ya vichwa vya kutoa. Sokoro wangu, babu mzaa baba, alikuwa mmoja. Alisema walitembea hadi Kendu wakapanda meli hadi Kisumu, kisha treni, na kutoka hapo hakujua majina ya nchi alizopitia. Mzigo wa jeshi ulikuwa ratili 50 hivi. Mshahara ulikuwa rupia 5 kwa mwezi kwa aliyechukuliwa kwa nguvu. Hesabu za serikali zinataja zaidi ya 40,000 waliokufa kutoka upande huu wa Afrika Mashariki peke yake, na wengi mno hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa malaria, kwa vichomi, na kwa tumbo la kuhara damu.

Sokoro aliieleza hivi: tulikufa kwa sufuria. Mgusii wa siku zile alikula wimbi. Jeshini alipewa unga wa mahindi au maharagwe, kuni zimelowa, muda hakuna, naye alikula kikiwa kibichi kwa sababu asubuhi mzigo ulikuwa unamngoja. Mishahara ya maelfu waliokufa haikuwafikia jamaa zao. Nairobi na Dar es Salaam zina mitaa inayoitwa Kariakor na Kariakoo kwa ajili yao, na barabarani Nairobi kuna sanamu ya watu watatu ambao mmoja wao ni mbebaji. Sokoro aliwahi kuonyeshwa sanamu hiyo na baba. Alisimama akaitazama, akauliza kwa nini yule mtu amepewa mzigo mdogo hivyo.

Nadhani ndiyo sababu nyumba nyingi za kwetu hazikupenda habari ya kubeba kwa malipo. Watu wetu walikwenda Kericho kuchuma chai, wakajifunza ualimu, wakafungua maduka. Nilipomwambia baba, miaka ya themanini, kwamba nimepata kazi Naro Moru, chini ya Mlima Kenya, ya kupandisha mizigo ya Wazungu, alinyamaza siku nzima. Jioni aliniambia nimuulize Sokoro. Sokoro aliuliza swali moja tu: nani anapika?

Katikati ya vita viwili vya dunia mlima uligeuka kuwa mahali pa likizo. Kilimanjaro ilikuwa na vibanda tangu enzi ya Wajerumani, na Kibo kikapata chake mwaka 1932. Upande wa Kenya, Ernest Carr alikata njia kutoka Chogoria na kujenga kibanda. Januari 1929 Eric Shipton na Wyn-Harris walifika Nelion, wa kwanza kwa kumbukumbu zilizoandikwa, wakaendelea hadi Batian, miaka 30 baada ya Mackinder. Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kenya ilitangazwa mwaka 1949. Miaka hiyo yote wapagazi walikuwepo, na wanatajwa kwa idadi.

Safari moja ya wakati huo naipenda kuliko zote, na haikuwa na mpagazi. Januari 1943 Waitaliano watatu, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka kambi ya wafungwa wa vita Nanyuki, mizigo yao migongoni, ramani yao ikiwa picha ya mlima kwenye karatasi ya mkebe wa nyama. Batian iliwashinda. Benuzzi na Balletto walisimamisha bendera yao Lenana, kisha wote watatu wakarudi kambini wenyewe kufungwa tena. Wageni wangu wengi wamekisoma kitabu cha Benuzzi. Nilikuwa nawaambia: mnaona sasa, mtu akibeba mzigo wake mwenyewe hukumbuka kila kitu kilichokuwemo. Benuzzi anataja chakula chake kipande kwa kipande.

Kisha zikaja bendera zetu. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda aliuweka mwenge juu ya Kibo, na kilele kilichokuwa na jina la mfalme wa Ujerumani kikawa Uhuru. Usiku wa kuamkia 12 Desemba 1963 Kisoi Munyao aliisimamisha bendera ya Kenya Lenana. Watoto wa shule wanajua kuwa bendera ilipanda. Wachache wanajua kuwa Munyao aliibeba katika hali mbaya ya hewa, gizani. Kubeba kulikuwa kazi, na kwa mara moja aliyebeba akaandikwa.

Naro Moru niliyoikuta ilikuwa na utaratibu wake. Asubuhi wapagazi walikaa kando ya barabara wakingoja kuitwa. Kawaida ya kazi ilikuwa kilo 18 za mgeni, juu yake uweke blanketi na chakula chako. Lakini mizani ilikuwa ya mwenye kampuni, na kampuni moja niliyoifanyia kazi mwanzoni ilikuwa na mizani iliyopenda kusema 18 kwa mfuko wowote ule. Siku ya kwanza ulifika kituo cha hali ya hewa kwenye mita 3,050. Siku ya pili ulivuka lile tope linaloanza juu ya msitu, ambalo mvua ikinyesha humeza buti hadi goti, na ukaingia bonde la Teleki hadi kambi ya Mackinder, mita 4,200. Wageni walifika wakiwa hoi wakakuta hema limesimama na chai iko tayari, na wengi waliamini kwamba mambo hayo hujifanya yenyewe. Saa nane za usiku uliwaamsha, tochi kichwani, kwenda Lenana, mita 4,985, jua likichomoza.

Nilipopandishwa kuwa mpishi nilikumbuka swali la Sokoro kila siku. Kwenye mita 4,200 maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 86 hivi. Unayaona yanatokota, unaweka maharagwe, yanatokota saa nne, na bado ni kokoto. Mgeni hapati shida, chakula chake ni tambi na supu. Mpagazi ndiye aliyebeba githeri kavu, na mpagazi ndiye anayelala na tumbo lililojaa punje zisizoiva. Nilianza kuyachemsha maharagwe ya wapagazi usiku wa kabla ya safari, chini, yakaiva kabisa, tukayapandisha kwenye ndoo yenye mfuniko. Ndoo ni nzito kuliko gunia la maharagwe makavu. Palikuwa na manung'uniko juu ya uzito. Baada ya safari moja hayakusikika tena.

Mlima una madeni mengine ambayo hayasemwi. Septemba 1970 Gert Judmaier, daktari kijana wa Austria, alivunjika mguu karibu na kilele cha Batian. Mwenzake Oswald Oelz alibaki kumhudumia, waokoaji wakaja hadi kutoka Innsbruck, na baada ya zaidi ya wiki moja akashushwa akiwa hai. Rubani wa helikopta, Jim Hastings, alikufa katika kazi hiyo. Kibanda cha Austria, mita 4,790, kilijengwa kutokana na uokoaji ule, na kila mgeni anayekunywa chai pale kabla ya Lenana anaambiwa habari za Judmaier. Mimi niliongeza habari za Hastings. Niliongeza pia kwamba kila ubao wa kibanda, kila bati na kila msumari huko juu una mtu aliyeupandisha.

Upande wa Tanzania mambo yameanza kunyooka kuliko kwetu. Hifadhi ya Kilimanjaro inaruhusu kilo 20 za mzigo wa kazi kwa mpagazi mmoja, mbali na vitu vyake, na mizani ipo langoni machoni pa kila mtu. Tangu mwaka 2003 kuna mradi wa kuwasaidia wapagazi wenye ofisi Moshi, unaowaazima nguo za baridi na kufuatilia kama kampuni zinalipa kama zilivyoahidi. Wapagazi wa huko hujiita wagumu, na ni kweli. Lakini ugumu usiwe sababu ya mtu kulala bila begi la kulalia.

Mei 2024 Mkenya Cheruiyot Kirui alifariki karibu na kilele cha Everest alipokuwa akijaribu kuupanda bila oksijeni ya mtungi. Nchi nzima ilimlilia, na alistahili. Alikuwa na kiongozi wake, Nawang Sherpa, ambaye hakuonekana tena. Nilizunguka na gazeti nikimtaja Nawang kwa watu kituoni Sironga, mmoja mmoja, na karibu kila mmoja aliniambia hakujua kuwa walikuwa wawili. Mtu wa kazi yangu hawezi kulipokea hilo kimya.

Siku hizi nimerudi kukaa nyumbani. Shamba langu linatazama kinamasi cha Sironga, ambacho zamani kilikuwa mafunjo matupu na sasa kimeliwa na mashimo ya matofali na mikaratusi. Vijana wa hapa wamenijia wakitaka kupeleka watu matembezi ya siku tatu: kupita kando ya kinamasi, kuupanda ukingo wa Manga na kulala huko juu, kushuka Kisii, kisha kwenda Tabaka kwa wachongaji wa mawe. Wateja wao wengi ni Wakenya, wafanyakazi wa Nairobi na Kisumu waliozoea kupanda vilima siku za mapumziko. Tunafundishana huduma ya kwanza, kusoma mawingu ya mchana ambayo Gusii hayadanganyi, kuomba ruhusa kabla ya kukatiza shamba la mtu, na kupika.

Jambo moja nililisimamia kabla ya yote. Kuna daftari. Kila anayebeba anaandikwa kwanza, jina kamili na kijiji, kisha uzito wake mbele ya mgeni, kisha malipo yake, na mgeni anatia sahihi chini ya majina hayo. Picha ya kikundi ikipigwa juu ya Manga, majina yote yanaandikwa nyuma yake kwa mpangilio wa walivyosimama. Vijana walikubali bila ubishi.

Ubishi ulikuwa juu ya uzito. Mimi nilipendekeza kilo 18, kama Naro Moru. Msichana mmoja, mdogo kuliko wote, aliuliza hiyo 18 ilitoka wapi, nani aliyeiamua, na kama aliyeiamua aliwahi kuibeba. Nilimweleza nilichokijua kuhusu misafara na jeshi. Akasema basi hiyo si hesabu ya Manga. Wakapiga kura, nami nikashindwa: ni kilo 15, na anayezidisha anamwita mtu wa pili.